Daftari lenu bado linamtaja mmiliki asiyekuwepo: barua ya wazi kwa wasajili wa alama za biashara

Kwa wakuu wa ofisi za usajili wa alama za biashara, na kwa wajumbe wa serikali zenu wanaokaa kwenye vikao vya Shirika la Miliki Bunifu Duniani mjini Geneva.

Waheshimiwa,

Kazi yangu ni kushughulikia nyaraka za watu wenye alama za biashara katika nchi wasizoishi. Mtu akinunua alama, kampuni ikiungana na nyingine, jina la mmiliki likibadilika, au mmiliki akimruhusu mwenzake atumie alama kwa leseni, mimi ndiye ninayejaza fomu, kukusanya saini na kuwatumia kupitia mawakala wa huko kwenu. Hamnijui kwa sura, lakini makarani wenu wanaujua mwandiko wangu. Nawaandikia hadharani kwa sababu haya nimekwisha kuyasema kwenye barua za kawaida, faili baada ya faili, na jibu limekuwa lile lile: leta karatasi nyingine.

Niruhusuni nianze na faili moja. Mteja wangu alinunua alama ya sabuni kutoka kwa kampuni iliyokuwa inafunga shughuli zake. Alama hiyo ilikuwa imesajiliwa katika nchi kumi na mbili. Muuzaji na mnunuzi wakatia saini hati ya uhamisho, ukurasa mmoja na nusu, yenye namba zote kumi na mbili za usajili. Ofisi kumi na moja ziliandika jina la mmiliki mpya. Ya kumi na mbili ikarudisha hati. Kwenye daftari lao jina la muuzaji lilikuwa limeishia kwa kifupisho, na kwenye hati yetu tulikuwa tumeliandika kwa kirefu, kwa hiyo wakataka ushahidi kwamba hizo si kampuni mbili tofauti. Tukaupeleka. Ikapita miezi saba, ikaja barua ya pili: saini zithibitishwe na notari, notari athibitishwe na wizara, wizara ithibitishwe na ubalozi, kisha rundo lote litafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa.

Wakati barua hiyo inafika, kampuni iliyouza ilikuwa imekwisha kufutwa kwenye daftari la makampuni la nchi yake. Mkurugenzi wake wa zamani alikuwa hai na mwenye nia njema. Nilimpigia simu. Akaniambia kwa upole kwamba yuko tayari kutia saini hata mara mia, ila hana tena kampuni ya kuitilia saini.

Miezi michache baadaye kontena la sabuni bandia likakamatwa kwenye forodha ya nchi hiyo hiyo. Makubaliano ya TRIPS, yaani yale ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, katika kifungu cha 55, yanampa mwenye alama siku kumi za kazi kuonyesha kwamba amefungua shauri, na zinaweza kuongezwa nyingine kumi. Zikiisha bila hatua, mzigo unaachiwa. Ofisa wa forodha aliomba kitu kimoja tu, nacho ni cheti cha usajili chenye jina la mlalamikaji. Cheti chetu kilikuwa na jina la kampuni iliyofutwa. Mteja wangu alikuwa amelipia alama ile kwa fedha halali, na mbele ya ofisa yule alikuwa mpita njia. Mzigo ukaachiwa. Baadaye alinitumia mche mmoja alioununua sokoni, nao uko mezani kwangu ninapoandika: karatasi ya kufungia ina rangi ile ile, maandishi yale yale, ila herufi ya mwisho ya jina imekatwa nusu na mshono wa gundi. Harufu yake ni ya mafuta yaliyochacha. Watu wameogea kitu hiki wakiamini wananunua kile walichokizoea.

Nawaomba mlisome faili hilo kama mwananchi, msilisome kama msajili. Daftari la alama limewekwa ili mtu yeyote, awe mshindani, hakimu, benki, ofisa wa forodha au mnunuzi, aweze kulifungua na kujua hii ni mali ya nani na nani ana ruhusa ya kuitumia. Siku daftari linapomtaja asiyekuwepo na kumficha aliyepo, limeacha kufanya kazi hiyo, hata kama kila ukurasa wake una muhuri.

Wengi watakaosoma barua hii watajiuliza kwa nini mtu aandike mabadiliko yale yale mara kumi na mbili. Jibu liko kwenye Mkataba wa Paris wa kulinda miliki ya viwandani, uliofungwa mwaka 1883 na kurekebishwa mara kadhaa. Kifungu chake cha 6 kinasema alama iliyosajiliwa katika nchi mwanachama inajitegemea, haiegemei ile iliyosajiliwa nchi nyingine, hata nchi ya asili yake. Anayenunua alama moja katika nchi kumi na mbili amenunua mali kumi na mbili, zinazoweza kuishia mikononi mwa watu kumi na wawili. Jambo hilo si la kinadharia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Marekani ilitaifisha mali za Bayer ya Ujerumani na kuziuza kwa mnada mwezi Desemba 1918. Kwa miaka 76 jina Bayer ndani ya Marekani lilikuwa la watu wengine, mpaka kampuni ya Kijerumani iliponunua tena haki hiyo mwaka 1994. Mgonjwa aliyevuka mpaka na kidonge chenye jina lile lile alikuwa amevuka kutoka kwa mmiliki mmoja kwenda kwa mwingine bila kujua.

Na mwenye kiwanda si lazima awe mwenye jina. Mwaka 1998 Volkswagen ilinunua kutoka kampuni ya Vickers biashara ya magari ya Rolls-Royce na Bentley kwa pauni milioni 430. Ilipata kiwanda cha Crewe, mitambo, na sanamu ya mwanamke mwenye mabawa inayosimama mbele ya gari. Jina Rolls-Royce lenyewe halikuwamo. Lilikuwa la Rolls-Royce plc, watengenezaji wa injini za ndege, nao wakawapa BMW leseni ya kulitumia kwa pauni milioni 40. Tangu mwaka 2003 magari ya jina hilo yanatengenezwa na BMW. Kama makampuni yenye jeshi la mawakili yanaweza kujikuta katika hali hiyo, fikirini mfanyabiashara mdogo anayenunua biashara ng'ambo akiwa na daftari lenu tu kama mwongozo wake.

Sheria zenu zinamuadhibu anayechelewa kuandikisha, na zinamuadhibu kila moja kwa namna yake. Marekani, uhamisho usioandikishwa ndani ya miezi 3 hauna nguvu dhidi ya mtu mwingine aliyenunua baadaye kwa fedha yake bila kujua, isipokuwa kama uliandikishwa kabla ya ununuzi huo wa pili. Uingereza, kwa Sheria ya Alama za Biashara ya 1994, mmiliki mpya akipitisha miezi 6 bila kuomba kuandikishwa anaweza kushinda kesi ya ukiukwaji na bado akanyimwa gharama za kesi kwa makosa yaliyotendeka kabla hajaandikishwa. Kwa alama ya Umoja wa Ulaya, mnunuzi hawezi kudai haki zinazotokana na usajili mpaka jina lake liingie daftarini. Japani imekwenda mbali zaidi: ukiacha urithi na kuungana kwa makampuni, uhamisho wenyewe hauanzi kuwa na nguvu mpaka uandikishwe. China inataka alama zote zinazofanana kwa bidhaa za aina moja zihamishwe pamoja, na mnunuzi anapata haki kuanzia siku ya tangazo.

Sina ugomvi na adhabu hizo. Anayetaka kulindwa na daftari lazima ajiandikishe. Ugomvi wangu ni na ofisi inayomwambia mtu "jiandikishe haraka la sivyo utapoteza haki", kisha inafunga mlango anaopaswa kupitia. Huwezi kumdai mtu kasi ambayo wewe mwenyewe umemnyima.

Mlango huo mlikwisha kukubaliana kuufungua. Mwaka 1994 mjini Geneva serikali nyingi zilikubali Mkataba wa Sheria ya Alama za Biashara, na tarehe 27 Machi 2006 ukafuata Mkataba wa Singapore, ulioanza kutumika tarehe 16 Machi 2009. Nimeisoma mikataba yote miwili mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote, na sidhani kama kuna mahali popote sheria ya kimataifa ilipomfikiria mtu wa kawaida wa makaratasi kwa makini namna ile. Kifungu cha 11 kinasema uhamisho ukitokana na mkataba, mwombaji ndiye anayechagua alete nini: nakala ya mkataba, au dondoo lake, au cheti kifupi cha uhamisho kilichosainiwa na pande zote mbili. Nakala na dondoo mnaweza kudai zithibitishwe. Kile cheti kifupi hamruhusiwi kudai kithibitishwe. Ombi moja linatosha kwa alama nyingi, mradi muuzaji na mnunuzi ni wale wale. Hamruhusiwi kumtaka mmiliki mpya athibitishe kwamba anafanya biashara, wala kwamba amenunua kiwanda pamoja na alama. Kifungu cha 8 kinakataza kudai saini ithibitishwe na notari au ubalozi, isipokuwa pale sheria yenu inapolitaka hilo kwa mmiliki anayejivua usajili wake. Na kifungu cha 21 cha Mkataba wa Singapore kinawakataza kukataa ombi bila kwanza kumpa mwombaji nafasi ya kujieleza.

Ofisi iliyorudisha hati ya mteja wangu ni ya nchi iliyotia saini. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Waziri alisafiri, akasaini, bunge likaridhia, na karani wa dirishani bado ana orodha ile ile ya zamani aliyoachiwa na karani aliyemtangulia. Hakuna aliyemwambia kwamba orodha imebadilika. Simlaumu yeye. Nawalaumu ninyi mlio juu yake, kwa sababu waraka wa ukurasa mmoja kutoka kwenu ungemaliza jambo hili.

Kwa nchi ambazo hazijajiunga, maneno yangu ni mafupi: jiungeni. Na wakati mnasubiri, punguzeni angalau ngazi za mihuri. China ilipoingia katika Mkataba wa Hague wa 1961, kuanzia tarehe 7 Novemba 2023, cheti kimoja cha apostili kilichukua nafasi ya mlolongo wa wizara na ubalozi. Nchi yenye shughuli nyingi kiasi hicho imeweza.

Sasa nije kwenye leseni. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mnapowaumiza watu bila wao kujua wameumia.

Leseni ni ruhusa. Mwenye alama anabaki mwenye alama, na mwingine anatengeneza au anauza kwa jina hilo kwa masharti waliyokubaliana. Ofisi kadhaa bado zinadai leseni iandikishwe, na ili kuiandikisha zinataka mkataba mzima: kiwango cha mrabaha, kanuni ya kutengenezea, majina ya wateja, kila kitu. Mara nyingine faili hilo linakaa wazi kwa mshindani yeyote anayelipa ada ya kulipekua. Nimewahi kuona mkataba wa kurasa arobaini ukiwa umewekwa kwenye faili la umma, na jedwali la bei za siri likiwa ukurasa wa juu kabisa kwa sababu ndilo lililokuwa na karatasi kubwa.

Nimejaribu kuelewa tabia hii ilitoka wapi, na naamini imetoka kwenye hofu ya zamani ambayo sababu yake imekwisha. Zamani alama ilieleweka kuwa inamwambia mnunuzi jambo moja: kitu hiki kimetoka kwa mtu fulani. Mwenye alama akimpa mwingine aitumie, alama imesema uongo. Katika shauri la Bowden la mwaka 1914, Baraza la Malodi la Uingereza liliibatilisha alama kwa sababu hiyo hasa, kwamba mmiliki alikuwa amewaruhusu wengine kuitumia. Sheria ya Uingereza ya 1938 ikalegeza kidogo: mtumiaji aliyeandikishwa anaruhusiwa, lakini msajili aukague kwanza uhusiano wake na mmiliki na aridhike kwamba ubora wa bidhaa unasimamiwa. Sheria hiyo ikawa kielelezo kwa nchi nyingi. Bado mwaka 1984 Baraza hilo hilo lilikataa usajili wa jina Holly Hobbie, mhusika wa kuchorwa ambaye jina lake lilikusudiwa kupewa watengenezaji wengi kwa leseni, kwa hoja kwamba huko ni kuifanyia alama biashara kama bidhaa. Miaka kumi baadaye Uingereza yenyewe iliufuta utaratibu ule. Baadhi ya waliouazima wamebaki nao.

Leo kila mtu anajua kwamba shati lenye jina kubwa halikushonwa na mwenye jina. Mnunuzi anachotegemea ni kwamba mwenye jina anausimamia ubora. Makubaliano ya TRIPS yanalitambua hilo katika kifungu cha 19: matumizi ya mtu mwingine yaliyo chini ya usimamizi wa mmiliki yahesabiwe kuwa matumizi ya mmiliki. Usimamizi huo unaonekana kiwandani, kwenye vipimo, kwenye sampuli zinazokaguliwa. Msajili hauoni kwa kusoma mkataba. Anaona maneno tu, na mtu asiyesimamia chochote anaweza kuandika maneno mazuri sana.

Matokeo ya utaratibu huo nimeyaona kwa macho yangu. Mmiliki anaogopa kuanika mkataba wake, kwa hiyo haandikishi leseni. Miaka inapita, mwenye leseni ndiye pekee anayeuza bidhaa katika nchi hiyo. Anatokea mshindani anayeomba alama ifutwe kwa kutotumika. Mmiliki anasema inatumika, tena kila siku, madukani imejaa. Ofisi inamjibu kwamba matumizi ya mtu asiyeandikishwa hayahesabiki. Alama inafutwa huku bidhaa zake zikiwa kwenye rafu. Mkataba wa Singapore, kifungu cha 19, umelikataza jambo hilo waziwazi: kutoandikisha leseni kusiuguse uhalali wa usajili, na matumizi ya mwenye leseni yasikataliwe kwa sababu hiyo. Aidha, pale sheria ya nchi inapompa mwenye leseni haki ya kuingia kwenye kesi ya ukiukwaji na kulipwa fidia, haki hiyo isifungwe kwa sharti la kuandikishwa. Na kifungu cha 17 kinakataza kumdai mtu mkataba wa leseni, tafsiri yake, au masharti yake ya fedha. Lakini mkataba huo huo unaruhusu nchi kuweka pingamizi, yaani kutangaza kwamba haifungwi, kwa lile sharti la haki ya mwenye leseni katika kesi, na wapo walioweka. Nawaomba waziondoe pingamizi hizo. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililohusu alama ya matandiko, iliamua kwamba mwenye leseni anaweza kufungua kesi ya ukiukwaji hata kama leseni yake haimo daftarini. Haki haikuporomoka Ulaya kwa uamuzi huo.

Msinielewe vibaya. Napenda leseni ziandikishwe, na wateja wangu nawashauri hivyo kila siku. Leseni iliyoandikishwa inamlinda mwenye leseni pale alama inapouzwa kwa mtu mwingine, maana mnunuzi hawezi kusema hakujua. Inamlinda mmiliki pia. Msambazaji aliyekaa na bidhaa miaka kumi huanza kuamini kwamba jina ni lake, na wapo wanaokwenda kulisajili kwa majina yao. Mkataba wa Paris umeweka kifungu maalumu kinachompa mmiliki haki ya kudai alama ifutwe au irudishwe kwake. Mstari mmoja daftarini, "fulani anatumia kwa leseni ya fulani", ungezuia kesi nyingi za namna hiyo kabla hazijaanza. Lakini watu watauandikisha mstari huo kwa hiari endapo tu bei yake haitakuwa kuanika siri zao.

Wapo kati yenu watakaosema: dawa ya haya yote ni Itifaki ya Madrid, mfumo wa kusajili alama katika nchi nyingi kwa ombi moja, mtu ajaze fomu moja Geneva. Ni kweli kwa sehemu. Kwa fomu ya MM5 na ada ya faranga 177 za Uswisi kwa kila usajili wa kimataifa, mabadiliko ya umiliki yanaandikwa mara moja na kufika katika nchi zote zilizotajwa. Leseni ina fomu yake, MM13. Lakini mnunuzi ambaye si raia wa nchi mwanachama, wala hana makazi au biashara ya kweli katika nchi hizo, hawezi kuandikwa kuwa mmiliki. Alama zilizosajiliwa moja kwa moja kwenye ofisi zenu hazimo humo kabisa. Nchi kadhaa zimetangaza kwamba leseni iliyoandikwa Geneva haina nguvu kwao. Na kila ofisi inaweza kutamka, ndani ya miezi 18, kwamba mabadiliko ya umiliki yaliyoandikwa Geneva hayatambuliwi katika nchi yake. Kwa hiyo njia hiyo nayo inarudi kwenye dirisha lenu.

Najua mnachokihofia, na hofu hiyo ni ya haki: mtu ataghushi saini ya mmiliki na kujiandikishia alama isiyo yake. Imewahi kutokea. Lakini mghushi anayeweza kutengeneza saini anaweza kutengeneza na muhuri, na mara nyingi muhuri ndio rahisi zaidi. Kinachomkwamisha mghushi ni taarifa. Siku ombi la uhamisho linapoingia, mpelekeeni mmiliki aliyeko daftarini barua kwenye anwani yake, na nyingine kwa wakala wake, na mumpe wiki chache za kupinga. Mkiona jambo linalotia shaka, mikataba inawaruhusu kudai ushahidi zaidi kwa faili hilo. Shaka ielezwe kwa maandishi, ihusu ombi lililoko mezani. Kumshuku kila mmiliki wa kigeni kwa sababu ni wa kigeni si uangalifu.

Ninayoyaomba yanatokana na hayo. Barua za dosari zije zikiwa kamili: karani alisome faili lote, aandike kasoro zote mara moja. Yule aliyenirudisha kwa ajili ya kifupisho cha jina angeniambia siku ile ile habari za notari, kampuni ingekuwa bado hai na saini zingepatikana wiki hiyo. Hilo halihitaji sheria mpya, linahitaji maagizo ya mkuu wa ofisi. Alama iliyopita mikono mitatu bila kuandikishwa iruhusiwe kuandikishwa kwa ombi moja linaloonyesha mlolongo wote, bila kulazimisha kila hatua isubiri cheti cha ile iliyotangulia. Mabadiliko ya jina la kampuni au anwani, ambapo mmiliki ni yule yule, yasipitishwe kwenye tanuri moja na uuzaji. Tarehe ya kuandikishwa iwe ile ombi lilipopokelewa likiwa kamili, isiwe ile karani alipopata nafasi. Kwa uhamisho, Umoja wa Ulaya hautozi ada yoyote. Leseni moja inatozwa euro 200. Ada zenu sizipigii kelele, ila nasema gharama kubwa anayoibeba mteja ni ya mihuri, tafsiri na safari za karatasi, na ninyi hamfaidiki na hata senti moja yake.

Na kwa muuzaji aliyekufa au kampuni iliyofutwa, tengenezeni njia. Mnunuzi alete hati iliyosainiwa wakati muuzaji alikuwa hai, alete ushahidi wa kufutwa kwake, atoe tamko la kiapo, na ofisi itangaze ombi hilo kwa muda wa kutosha ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza mtu, andikeni. Bila njia hiyo, alama inabaki imesimama daftarini kama nyumba iliyofungwa, hakuna anayeruhusiwa kuitetea, na hakuna anayeweza kusajili jina linalofanana nayo.

Usajili wa ile alama ya sabuni unafikisha miaka kumi mwaka ujao na lazima uhuishwe. Fomu ya ofisi hiyo inataka jina la mmiliki kama lilivyo daftarini, na saini yake. Nimekwisha kuijaza namba ya usajili, tarehe na orodha ya bidhaa. Nafasi ya saini nimeiacha wazi, nikisubiri jibu lenu.

Wenu kwa heshima,

Mwandaaji wa nyaraka za alama za biashara